Dakika za Nyongeza Bagamoyo

Basi la Bagamoyo pale Makumbusho haliondoki mpaka lijae, na likishajaa haliondoki mpaka konda aridhike kwamba limejaa. Nilipata kiti nyuma ya dereva, chini kabisa ya spika. Ilikuwa Ijumaa, siku ya matendo ya uchungu, nami nilikuwa nimejiwekea nia ya kumaliza rozari kabla ya Bunju. Tendo la kwanza nililianza Mwenge. La pili sijui liliishia wapi, maana Boko nilijikuta napiga hesabu za kikoba kichwani huku vidole vikiendelea kusogeza punje peke yake. Pembeni yangu kijana alikuwa amelala mdomo wazi, bega lake juu ya bega langu. Spika ilitoka kwenye taarabu ikaingia kwenye kwaya, ikarudi kwenye taarabu.

Sikuwa nimeacha kusali. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo huko Sinza. Naongoza rozari, naongoza litania, na akina mama husema Mama Mwenyekiti akisali hata mvua inasikia. Maneno yalitoka yamenyooka, lakini ndani palikuwa pakavu. Hali ilianza taratibu baada ya msiba wa kaka yangu, na machozi yalipokwisha yenyewe ikabaki. Nilipomweleza paroko hakushangaa hata kidogo, jambo ambalo liliniudhi. Alisema tu, “Nenda Bagamoyo ukakae. Usiende kutafuta kitu. Nenda ukakae.”

Mapinga, Kerege, Kiromo. Vibanda vya mananasi, mafundi wa fenicha, viwanja vyenye mabango ya “hapauzwi”. Ni kama kilomita 70 tu kutoka Dar, lakini foleni ya Tegeta inaweza kukufanya uzione 200. Stendi nilichukua bajaji, dereva akaniuliza, “Misheni, mama?” kabla sijafungua mdomo. Nadhani ni begi dogo na sura ya mtu anayekwenda kwenye mafungo, siku za kujitenga kwa sala.

Njia ya kuingilia misheni ina miembe mikubwa pande zote, na ukiingia chini yake joto linapungua ghafla. Sista aliyenipokea alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye haraka.

“Tumsifu Yesu Kristu.”

“Milele na milele, Amina. Karibu mwanangu. Umekula?”

Chumba kilikuwa na kitanda, neti, feni, meza na msalaba ukutani. Sista alinionyesha swichi ya feni, akanionya kuhusu mbu wa magharibi, akanipa ratiba: masifu ya asubuhi, misa, tafakari, chakula, saa moja ya kuabudu mchana, masifu ya jioni. Saa hiyo ya mchana ilikuwa kuanzia saa tisa mpaka saa kumi. Nikaitazama kama mtu anavyotazama bili ya umeme.

Asubuhi iliyofuata nilizunguka na mzee mmoja anayewatembeza wageni, katekista mstaafu. Habari za pale wengi tumezisoma shuleni, lakini kuzisikia umesimama penyewe ni jambo lingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Horner, wakaanza kazi na watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wakati soko la watumwa la Zanzibar bado liko wazi. Lilikuja kufungwa mwaka 1873. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilichoipiga Zanzibar kiliifikia pwani hii pia na kubomoa sehemu kubwa ya walichokuwa wamejenga. Wakajenga tena. Ndani ya jumba la makumbusho, ambalo zamani lilikuwa nyumba ya masista, kuna minyororo. Sikuweza kuitazama kwa muda mrefu.

Mnara wa kanisa la zamani bado umesimama. Watu huuita Mnara wa Livingstone, kwa sababu mwili wake ulilazwa pale Februari 1874, baada ya wahudumu wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Mzee alisimulia kwamba wahudumu wake walimkuta amekufa kando ya kitanda chake akiwa amepiga magoti, kama mtu anayesali. Livingstone hakuwa Mkatoliki na mzee hakutaka kumfanya awe. Aliongeza tu kwamba waliombeba ndio waliofanya kazi. Nilimpenda kwa hilo. Mnara una jina la aliyebebwa.

Kisha makaburini. Hapo ndipo nilipokaa zaidi. Misalaba myeupe, mistari iliyonyooka, majina ya Kifaransa na Kijerumani: mapadre, mabruda, masista. Ukianza kutoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa unapata ishirini na kitu, thelathini na kitu, ishirini na kitu tena. Malaria na homa nyingine ziliwamaliza kabla Kiswahili chao hakijakomaa. Nikamwuliza mzee swali ambalo sikulipanga: hawa walikuwa wanajisikiaje wakisali, wakati kila baada ya muda wanamzika mwenzao?

Mzee alicheka kidogo. “Sijui walijisikiaje, mama. Ila kengele ilikuwa inagongwa. Ikigongwa wanaingia.”

Nililiweka jibu hilo mfukoni, nikaenda nalo kwenye saa tisa.

Sasa niseme wazi ilivyokuwa, kwa sababu matangazo ya mafungo huwa hayasemi. Matangazo husema utarudi umejaa moto. Siku hizi kuna wahubiri wengi wanaofundisha kwamba sala ikiwa ya kweli mwili lazima utetemeke, na jibu lazima lije kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa mbele ya Sakramenti Kuu, yaani Ekaristi iliyowekwa altareni, kwenye benchi ya mbao, na baada ya dakika chache nilikuwa nimeshapika pilau, nimegombana na fundi wa jiko la gesi, na nimemsomea binti yangu matokeo ya mtihani ambao hajaufanya. Jasho lilinitiririka mgongoni. Ilipoadhiniwa alasiri kutoka mjini moyo wangu ulifurahi, na sababu yenyewe haikuwa ya kiroho: nilijua imebaki kama theluthi moja ya saa.

Jioni nilimweleza hayo padre aliyekuwa anatusimamia. Naye hakushangaa. (Mapadre hawa wanafundishwa wapi kutoshangaa?) Aliniambia Mtakatifu Teresa wa Avila, mwalimu wa sala kwa Kanisa zima, aliandika kwamba kwa miaka mingi alikuwa akitamani saa yake ya sala iishe na kutega sikio asikie saa ikigonga. “Wewe umesikiliza adhana,” akasema. “Hatua moja mbele, kwa sababu adhana nayo inaita watu kwenye sala.”

Halafu akaniuliza maswali, na yalikuwa ya kawaida mno. Unalala saa ngapi? Unakula? Umeungama lini? Umemlilia kaka yako mpaka ukaridhika, au ulikuwa unahudumia wageni wa msiba? Akasema kuna ukavu wa sala na kuna huzuni inayohitaji daktari, na si vizuri kumpa mgonjwa novena, sala ya siku tisa, peke yake. Baada ya hapo akaja kwenye alama za kuutambua ukavu wa sala, ambazo Mtakatifu Yohane wa Msalaba alizitoa katika karne ya 16. Je, umepoteza utamu katika mambo ya Mungu ukaupata kwingine, au kote hamna? Kote hamna, Padre. Inakuuma kwamba huenda humtumikii Mungu vizuri? Inaniuma, ndiyo maana niko hapa. Unaweza kutafakari kwa picha na mawazo kama zamani? Siwezi, nikijaribu ni kama natafuna karatasi. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Zote tatu zikiwa pamoja, alisema, Yohane hakuona hapo uvivu, aliona Mungu anayebadilisha namna ya kumlisha mtu. Na Yohane hakuyasema hayo akiwa amestarehe. Aliwahi kufungwa miezi mingi kwenye chumba kidogo huko Toledo, na waliomfunga walikuwa watawa wenzake.

Nikamwuliza: kwa hiyo nifanye nini?

“Saa yako ni ngapi?”

“Moja.”

“Kesho kaa moja na dakika tano.”

Nilidhani ananitania. Akaeleza kwamba hilo ni shauri la Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Moyo ukiwa na faraja, kukaa saa nzima ni rahisi. Moyo ukikauka kishawishi ni kuipunguza, hata kwa dakika mbili. Basi mtu na aende kinyume nacho, azidishe kidogo juu ya saa aliyopanga. Inyasi huyohuyo alikataza mtu kubadili maamuzi yake wakati wa ukavu. Hapo nikanyamaza, kwa sababu barua ya kujiuzulu uenyekiti ilikuwa imeshaandikwa kwenye simu yangu, bado kutumwa tu.

Kuhusu mawazo yanayotangatanga alinifungulia Katekisimu ya Kanisa Katoliki, sehemu ile ya nne inayohusu sala, penye kipengele kinachoitaja sala kuwa ni mapambano. Nambari 2729 inasema kwamba kuyawinda mawazo hayo ni kuingia kwenye mtego wao. Kinachotakiwa ni kurudi moyoni. Tena wazo linalokujia linakuonyesha umefungwa wapi. Pilau, fundi, binti. Nikaviangalia upya. Vitatu vyote vilikuwa watu ninaowalisha na hofu ya kushindwa kuwalisha. Hakikuwemo hata kimoja cha kijinga, isipokuwa labda fundi.

Siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Joto la Bagamoyo kabla ya mvua halina adabu. Ugonjwa wa kutotulia ulinishika mapema, wakati wa tafakari ya asubuhi, saa tano hivi. Nilichungulia dirishani, nikaangalia kivuli cha mwembe kimesogea kiasi gani, nikajiuliza kama kuna mgeni mpya amefika niongee naye. Baadaye padre akaniambia kwamba mtawa mmoja wa jangwa la Misri, Evagrio, katika karne ya nne alishauandika ugonjwa huo ulivyo: unamshika mtawa saa nne, unamzingira mpaka saa nane, jua linaonekana limesimama na siku ina saa hamsini, anatazama dirishani, anatoka chumbani kuangalia jua, anatazama huku na huku kama kuna ndugu anayekuja, anakichukia chumba chake. Wao saa walizihesabu kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Saa nne mpaka saa nane! Huhitaji kubadilisha chochote. Waliuita pepo wa adhuhuri.

Mchana nikaingia tena kanisani. Nilikuwa nimekatazwa kutafuta hisia, kwa hiyo sikuzitafuta. Nilichukua Zaburi ya 88, ile ambayo haina mwisho mzuri. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na Kanisa linaisali vilevile kila Ijumaa usiku kabla ya kulala. Nilisoma mstari mmoja, nikanyamaza, nikaondoka kimawazo, nikarudi. Nikaondoka tena. Nikasinzia, nadhani, kwa sababu shingo iliniuma nilipofumbua macho. Zamani ningekuwa na aibu, lakini jirani yangu wa benchi, mama mmoja kutoka Chalinze, alikuwa amenipa mapema habari za Teresa mwingine, Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Huyo alikuwa akisinzia kwenye sala akasema wazazi huwapenda watoto wao wakiwa macho na wakiwa wamelala. Alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, na miezi yake ya mwisho, ambayo sisi huipamba kwa mawaridi, aliipitisha kwenye giza la imani. Mama wa Chalinze alilisema hilo kama anavyosimulia habari za shangazi yake.

Adhana ya alasiri ikaja. Safari hii niliisikia kama jirani anayeanza zamu yake. Saa kumi ikafika. Watu wakapiga goti, wakatoka, viatu vikikwaruza sakafuni. Nikabaki kwenye zile dakika za nyongeza, kama beki aliyechoka anayemwangalia refa.

Nini kilitokea ndani ya dakika zile? Hakuna. Hakuna sauti, hakuna joto moyoni, hakuna machozi. Nilimtaja kaka yangu kwa jina lake la utotoni, ambalo tangu msiba nilikuwa silitamki. Nikalitamka mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama nawajulisha watu wawili wasiofahamiana. Kisha nikakaa. Nzi mmoja alitembea kwenye kitabu cha zaburi. Dakika tano zilipokwisha nilipiga goti, na goti likalia.

Ile barua kwenye simu sikuituma. Sikuifuta pia, nilisema itasubiri hali ya hewa nyingine, kama Inyasi alivyoshauri.

Nje Sista alikuwa anaanua nguo. Aliniona natoka peke yangu, nimechelewa, akaangalia saa ya mkononi.

“Ulilala humo ndani?”

“Kidogo, Sista.”

“Basi leo ulale mapema. Kesho masifu ni saa kumi na mbili kasorobo, na msomaji wetu amepata homa. Somo utasoma wewe. Na usome kwa sauti, yule bibi wa mbele hasikii vizuri.”