Ngumi Zinazopiga Hewa

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili ni Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 9, ambapo Mtume anasema kwamba anapigana ngumi "si kama apigaye hewa, bali nautesa mwili wangu na kuutumikisha". Vijana wetu wa Mombasa, ambao wengi wao wamekulia mbele ya sinema za kung-fu katika vibanda vya video vya Majengo, Kisauni na Likoni, huenda wakalielewa neno hili upesi kuliko sisi wazee, kwa maana wanajua kwamba ngumi nyingi zinazorushwa katika sinema hizo hupiga hewa. Kamera huwekwa mahali ambapo pengo lililopo kati ya ngumi na shavu halionekani, anayepigwa hugeuza kichwa kwa wakati wake, na mlio wa pigo hutiwa baadaye studioni. Kukosa shabaha kwa ustadi ndiyo kazi yenyewe.

Hata hivyo, mwili unaojifunza kukosa shabaha namna hiyo huwa umeteswa kwelikweli. Jackie Chan, mwigizaji maarufu wa sinema hizo za kung-fu, alizaliwa Hong Kong mwaka 1954, na alipokuwa bado mtoto mdogo wazazi wake walimwacha katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen kwa mkataba wa miaka 10, huku baba yake akienda Australia kuwa mpishi katika ubalozi wa Marekani mjini Canberra. Watoto wa shule ile walifundishwa kuimba, kuruka sarakasi na kupigana kwa silaha kwa saa nyingi kila siku, na fimbo ilikuwa sehemu ya mafunzo. Wale wavulana wanaopindua sarakasi mchangani pale ufukwe wa Pirates siku za Jumapili wangeweza kuisimulia nusu ya maisha hayo, ile nusu ya furaha. Mimi siusifu ukali ule hata kidogo, kwani Paulo aliutesa mwili wake mwenyewe, hakuutesa mwili wa mtoto wa mtu.

Chan alipotoka shuleni opera ilikuwa imepoteza watazamaji, naye akaingia kwenye sinema kama mmoja wa wale wanaoangushwa na kurushwa kwa niaba ya wengine, zikiwemo sinema za Bruce Lee, nyota wa kung-fu wa wakati ule. Kazi ilipokauka aliwafuata wazazi wake Canberra, akafanya kazi ya ujenzi, na ni kule alikopata jina la Jackie. Mwaka 1976 mwongozaji Lo Wei alimwita arudi, akataka kumfanya Bruce Lee mpya, mwenye uso wa hasira na asiyeshindika. Sinema hizo hazikufanya vizuri. Mafanikio yalikuja mwaka 1978, alipoigiza chini ya mwongozaji Yuen Woo-ping kama kijana mtundu, anayepigwa, anayeanguka na kukung'uta mkono kwa maumivu kila anapompiga adui mwenye mfupa mgumu.

Maumivu hayo hayakuwa ya kuigiza sikuzote. Katika sinema ya mwaka 1985 aliteleza kwenye nguzo ndefu iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, akaungua mikono. Na wakati wa kutengeneza nyingine, nchini Yugoslavia, aliruka kushika mti, tawi likavunjika, akaangukia mwamba na kupasuka fuvu la kichwa. Lililo la ajabu zaidi kwangu ni kwamba alizoea kuyaonyesha makosa hayo mwishoni mwa sinema, majina yakipita: miruko iliyoshindikana, kucheka, damu, hata yeye mwenyewe akibebwa. Ningependa ushuhuda unaotolewa makanisani mwetu siku za mikesha uwe na kipande kama hicho. Sisi huleta madhabahuni ule mruko mmoja tu uliofaulu, tukaukata ule mwingine ambapo tulianguka, na ndugu aliyeanguka jana akitusikiliza hudhani kwamba ni yeye peke yake.

Mwaka 2016 Marekani ilimpa tuzo ya heshima ya Oscar kwa kazi yote hiyo. Lakini katika kitabu cha maisha yake mwigizaji huyu amekiri mwenyewe ulevi, kuendesha gari akiwa amelewa, na ukali wake kwa familia. Sisemi haya ili tumhukumu, kwani aliyekiri ni yeye, na wengi wetu hatujakiri lolote. Nayasema kwa sababu Paulo anamalizia kwa hofu ileile: isiwe, baada ya kuwahubiri wengine, yeye mwenyewe awe mtu wa kukataliwa. Mwili waweza kutii amri ya kuruka kutoka ghorofani, usitii amri ya kuiacha chupa mezani.

Kwa hiyo katika mikutano ya nyumbani juma hili, kutoka Tudor hadi Mtongwe, naomba tusihesabiane siku za kufunga wala saa za kukesha. Tusome pia Isaya 58, mahali Bwana anapowaambia watu waliofunga sana kwamba wanafunga ili kugombana "na kupiga kwa ngumi ya uovu", huku wakiwalemea wafanyakazi wao. Ngumi hiyo haipigi hewa; inampata dada wa kazi ambaye mshahara wake wa mwezi uliopita bado hajalipwa, na yule jirani ambaye hatujamsalimu tangu ule ugomvi wa maji. Atakayeongoza aanze na mstari wa tatu, awape watu nafasi ya kunyamaza, kisha aulize ni nani tunayedaiwa naye.