Wiki ya 34, Dar es Salaam hadi Mwanza

Mimba yangu ya kwanza ilipotimiza wiki 34, nilikata tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza ili nikajifungulie kwa mama. Kwetu jambo hilo halina mjadala: mtoto wa kwanza huzaliwa bibi yake akiwa karibu, na mzazi hulelewa na mama yake hadi nguvu zimrudie. Kilichohitaji kufikiriwa ni njia ya kufika huko. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na treni ya umeme ingenifikisha Dodoma tu, ambako ningelazimika kupanda basi pamoja na mizigo yangu na miguu iliyokwisha kuvimba. Kwa ndege ni takribani saa moja na nusu.

Shangazi yangu aliogopa sana. Alikuwa amesikia kwamba hewa ya juu humnyima mtoto pumzi na kwamba mashine za ukaguzi uwanjani humwunguza, na kwa kuwa hofu yake ilitokana na upendo, nilimpelekea daktari maswali yake yote kama alivyoyasema. Nilielezwa kwamba lango la kukagua vyuma ambalo abiria hupita halitumii eksirei. Kuhusu hewa, ndege huruka juu sana lakini ndani yake hewa husukumwa ili iwe sawa na ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000, na wanawake wa huko hubeba mimba na kujifungua kila siku, ingawa miili yao imezoea. Isitoshe, damu ya mtoto aliye tumboni imeumbwa kushika oksijeni kwa nguvu kuliko damu ya mtu mzima, hivyo upungufu mdogo wa saa chache haumdhuru mtoto wa mama mwenye afya njema. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye dalili za kifafa cha mimba, aliyetokwa na damu, ambaye kondo la nyuma limeziba njia ya uzazi, au aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, huyo ana hesabu nyingine, na ni daktari wake peke yake anayeweza kumjibu.

Basi kwa nini mashirika ya ndege huwafungia mlango wajawazito wa wiki za mwisho? Sababu yenyewe ni uchungu. Kuanzia wiki ya 37 mtoto anaweza kuja siku yoyote, na ndani ya ndege hakuna mkunga, hakuna damu ya kuongeza, wala chumba cha upasuaji. Madaktari bingwa wa uzazi wa Marekani hushauri safari ziishie wiki ya 36. Wenzao wa Uingereza hutaja wiki ya 37 kwa mimba ya mtoto mmoja na ya 32 kwa mapacha. Mashirika mengi hufuata mipaka inayokaribiana na hiyo, na kuanzia wiki ya 28 hivi hudai barua ya daktari. Ninawafahamu wanawake waliovaa madera mapana ili tumbo lisionekane, wakapanda ndege kimya kimya. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa uchungu ukiwashika huko juu, anayedanganywa si karani wa uwanjani bali ni mtoto wao.

Nami barua nilikuwa nayo. Ilisema kwamba nina mimba ya miezi minane na kwamba ninaweza kusafiri. Dada aliyekuwa kaunta aliisoma mara mbili, akaniuliza, “Dada, samahani, ni wiki ngapi?” Nilimjibu wiki 34 na siku moja, lakini karatasi haikusema hivyo, haikutaja tarehe ya makadirio ya kujifungua, tena ilikuwa imeandikwa wiki tatu kabla, ilhali shirika lilitaka barua isiyozidi siku saba. Ndege iliondoka nikiwa nimekaa kwenye benchi na sanduku langu, nikilia.

Nilipotulia niliona kwamba yule dada alikuwa na haki ya kuuliza. Tunapohesabu mimba kwa miezi, kila mtu ana miezi yake. Kliniki huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku 280 ambazo ni wiki 40. Anayehesabu mwezi kwa wiki nne atasema miezi minane ni wiki 32. Anayefuata kalenda atasema ni karibu wiki 35. Na anayesema “niko mwezi wa nane” anaweza kuwa hata wiki ya 31. Katika mazungumzo ya nyumbani tofauti hiyo haidhuru, lakini mbele ya mpaka wa wiki ya 36 ni tofauti ya kusafiri na kubaki.

Kesho yake nilirudi kliniki na kadi yangu, nikaomba barua iandikwe upya: jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, mtoto ni mmoja, hakuna tatizo lililoonekana, tarehe ya makadirio ikilinganishwa na kipimo cha kwanza cha utrasaundi, idadi ya wiki siku ya safari, kisha sahihi, muhuri na namba ya simu. Siku iliyofuata ilisomwa kwa nusu dakika. Nilikaa kiti cha upande wa njia, nikafunga mkanda chini ya tumbo, ukapita kwenye nyonga. Nilivaa soksi za kubana, nikanywa maji na kuchezesha vifundo vya miguu, kwa sababu damu ya mjamzito huganda upesi kuliko ya wengine, na kukaa bila kujongea ndiko kunakoleta madhara. Kwa hoja hiyo peke yake, kukaa ndani ya basi kutwa nzima na sehemu ya usiku kulinitisha kuliko ndege.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwanamke mwajiriwa alijue mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inaruhusu likizo hiyo kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi iwapo daktari atathibitisha kwamba kuna haja. Wiki nne kabla ni wiki ya 36, yaani wakati uleule ambao mlango wa ndege unafungwa. Mimi nilitumia wiki mbili za likizo yangu ya mwaka kusafiri kabla, na ya uzazi ikaanza nikiwa tayari kwa mama. Mwanangu alizaliwa Mwanza katika wiki ya 38 na siku tatu, siku 17 tangu likizo hiyo ianze.