Boksi la chini ya kitanda

Jumapili, usiku

Leo nimefungua boksi. Taa iliyomo, ile ya vioo ya kuning'inizwa darini, niliinunua Kariakoo mwaka 2017, wiki mbili kabla sijahamishiwa Dodoma, nikaipakata kwenye basi kutoka Ubungo hadi hapa, kilomita 450 hivi, kama mtoto mgonjwa. Nilipofika nikaisukuma chini ya kitanda. Nyumba ya kupanga Area C, chini ya kitanda. Kisasa, chini ya kitanda. Aliyeuliza nilimjibu, "Nitaifunga nikirudi Dar." Mwaka jana nikamaliza kujenga hapa Nzuguni, na bado sebuleni ikaning'inia balbu moja kama ya duka la Mangi.

Mtaani wanaiita shendelia. Marehemu bibi yangu wa Pangani angesema thurea, jina ambalo kwa Waarabu ni la zile nyota sisi tunazoziita Kilimia. Mimi napenda la bibi.

Fundi alifika saa moja asubuhi, kabla bati halijapata moto, maana kazi ilianzia juu ya dari. "Mbukwa, mama!" Akapanda ngazi, akagonga kwa kidole, ko ko ko, akatikisa kichwa. "Hili jipsamu linabeba rangi tu." Nami nilikuwa nimeshaipima taa kwenye mzani wa muuza unga jirani: kilo 11 na robo. Akaingia darini na kipande cha mbao ya mbili kwa nne, akakilaza kati ya mbao mbili za kenchi, akapigilia, ndipo akapitisha bolti yenye ndoano. Aliposhuka akaishika ile ndoano kwa mikono miwili, akaning'inia mwenyewe, miguu hewani. Nilifumba macho.

Mimi na mwanangu tulikuwa mkekani na vipakiti vya vioo. Vipande 96. Tulivaa glavu za pamba zilizokuja nazo, kwa sababu alama ya kidole kwenye kioo kile, ikipigwa na mwanga, huonekana kama tone la mafuta. Karatasi ya maelekezo ni Kichina kitupu, na picha yake ni ya taa nyingine kabisa. Unapitisha pini kwenye tundu, unakunja mkia wake kwa plaizi. Ukikaza kupita kiasi, tundu linapasuka. Mimi nilipasua viwili. Mwanangu hakupasua hata kimoja, na alihakikisha fundi analijua hilo.

Kwenye nyaya ndiko tulikokwama. Meni swichi ilishazimwa, testa ikapita kila ncha. Nyaya za nyumba ni nyekundu na nyeusi, za taa kahawia na bluu. "Kahawia anamwoa nyekundu, bluu anamwoa nyeusi," fundi akasema. Ukabaki ule wa kijani na njano, hauna mchumba. Aliyefunga umeme wa nyumba hii hakuleta ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, kwenye taa. Balbu yenye holda ya plastiki haikutushtaki, lakini hili ni dubwana la chuma: waya ukichubuka ndani na kugusa chuma, atakayepanda kufuta vumbi ndiye atakayepokea volti 230. Na mpanda ngazi humu ndani ni mimi. Yule wa kwanza nilimlipa pesa yote bila kuuliza swali hata moja. Basi, tukavuta waya mpya juu ya dari hadi kwenye boksi la breka, na chakula cha mchana kikaliwa saa kumi.

Balbu nane za zamani zilikuwa za wati 40 kila moja. Mwanangu akapiga hesabu ukutani kwa penseli (ukutani!): zikiwaka saa tano kila usiku, ni uniti 1.6 za LUKU. Akatumwa dukani akalete za LED za wati 5, uniti 0.2.

Tuliwasha magharibi. Nikampigia dada yangu Dar kwa video, akaitazama muda mrefu bila kusema kitu, kisha akauliza, "Kwa hiyo hurudi tena?"

Nikamwambia zinawaka zote nane.

Sasa ni saa nne. Upepo wa Julai umepata upenyo dirishani na vioo vinagongana taratibu juu ya kichwa changu. Kesho nikitoka kazini nipitie kununua ngazi. Ya fundi ameondoka nayo, na vumbi la Nzuguni halina subira.