Saa juu ya pakiti

"Baba, mbona unaandika kwenye dawa?" Binti yangu alikuwa ameshika pakiti ya parasetamoli niliyokwisha kuichora kwa kalamu: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana. Nikamwambia ni mazoea tu. Habari ya Ma'mdogo ni ndefu, na koo lilikuwa linawasha.

Ilikuwa Ujiji, mwezi wa saba, upepo wa ziwani unapenya mpaka chini ya mlango. Asubuhi Ma'mdogo alikuwa amenipeleka kupimwa malaria kwanza, maana kwetu Kigoma homa haiitwi mafua mpaka kipimo kikatae. Kikakataa. Nikarudi kulala, maungo yakiuma kama nimepigwa.

Usiku umeme ulikatika. Nilikuwa napapasa mezani kutafuta vidonge vingine alipoingia na tochi ya simu. Hakusema kitu. Alitandika kanga kitandani, akamwaga dawa zote juu yake, akaanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma. Aliwahi kuuza kwenye duka la dawa muhimu, na mkono wake ulijua pa kutafuta.

"Hii umekula ngapi?"

"Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili saa moja jioni."

"Na hivi vya mafua?"

"Viwili, nusu saa baadaye. Hivyo si vya homa, Ma'mdogo."

Akaniletea tochi usoni pa pakiti. Kila kidonge cha mafua kilikuwa na parasetamoli miligramu 500 ndani yake, sawasawa na vile vingine. "Nane. Mtu mzima haruhusiwi kuzidi hapo kwa saa 24, mwanangu. Ini halijui majina ya pakiti." Akavifunga vyote kwenye pindo la kanga. Hata zile amoksilini tano alizobakiza binamu yangu alizichukua. Hizo ni za bakteria; mafua ni virusi, hazina kazi hapo.

Nilimchukia, nisiseme uongo. Nikaomba basi nijifukize, akakataa sufuria la moto kitandani: likipinduka, mafua yatapona, ngozi haitapona. Akanipunguzia blanketi, akaniletea uji mwembamba wenye limau na asali, kikombe kila nilipoamka. Nikienda msalani ananiuliza rangi ya mkojo. Ukiwa kama chai ya rangi, kikombe kingine. Aliuliza pia kama kifua kinabana au pumzi inakata. Hilo ndilo lingetutoa nyumbani usiku ule.

Homa ilishuka siku ya nne. Kikohozi kikabaki karibu wiki mbili. Kama ni uji au ni siku zenyewe tu, sijui mpaka leo. Nane hazikuwa zimevuka kikomo, huwa najitetea hivyo, ila mkono ulikuwa tayari mezani.

Jana saa 12 jioni binti yangu alikuja na kalamu yake. Akatoa viwili, akaandika saa kwa tarakimu kubwa zilizopinda, kisha akaondoka na pakiti. Nimeiomba mara mbili. Hanipi.