Popi na sindano za Jumamosi

Mama yangu anauza maandazi Kihonda, hapa Morogoro, tangu sijaanza shule. Huamka saa kumi alfajiri, na Popi huamka naye. Akifungua mlango wa jikoni, mbwa anatangulia gizani mpaka bombani, anakaa pembeni hadi ndoo ijae, wanarudi pamoja. Baba hayupo tena. Mimi nafanya kazi Dodoma, dada zangu wameolewa. Aliyebaki na mama ni Popi. Kwa hiyo mtu akisema mbele yangu kwamba asiye na pesa ya kumtibu mbwa asifuge mbwa, siwezi kunyamaza.

Mwezi wa tatu Popi alianza kutoka damu nyuma. Mama alidhani yuko kwenye joto. Wiki tatu zikapita, damu haikatiki, na niliporudi nyumbani nikamkagua. Kulikuwa na kinyama chekundu kimechomoza, kina vinundu vinundu, ukikigusa tu kinavuja. Mtaalamu wa kwanza niliyempigia simu aliniambia 40,000 kwa kila sindano, na huenda zikafika sita. Mama siku nzuri anabakiwa na faida ya 7,000. Nilipomtajia hesabu alisema, "Acha tu, baba. Tumwachie Mungu." Akageuka kusugua sufuria ambayo alikuwa ameshaisugua.

Jirani ndiye aliyetuambia habari za madaktari wa Jumamosi. Ni vijana watatu waliosomea udaktari wa mifugo, pamoja na bwana mifugo mmoja mstaafu. Siku za kazi wana wateja wao wanaolipa bei kamili. Jumamosi wanaweka meza chini ya mwembe, na kile wanachotenga kwenye faida ya wiki ndicho kinachonunua dawa. Unajiandikisha kwa 2,000, kama huna unaandikwa hivyo hivyo.

Kufika kwenyewe ilikuwa kazi. Bajaji tatu zilikataa kumbeba mbwa. Dereva wa tatu alinieleza kwa adabu kwamba yeye ni Mwislamu, mate ya mbwa yakigusa kiti itambidi akioshe mara saba, mojawapo kwa udongo, wakati ana abiria wanamsubiri. Nilimwelewa. Tukatembea, Popi akisimama kila baada ya miti miwili mitatu kujilamba. Watu wanaohesabu gharama za matibabu husahau njia. Meza ile kuwa mtaani, umbali wa kutembea, kwetu ilikuwa nusu ya tiba.

Daktari, binti wa makamo ya mdogo wangu, alichuchumaa akamweleza mama kitu ambacho sijaacha kukifikiria. Uvimbe ule ni saratani inayoambukizwa mbwa kwa mbwa, wakipandana au wakilambana. Kinachohama ni chembe hai zenyewe za uvimbe, si kirusi. Zilianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, na mpaka leo zinahama mwili hadi mwili. Mama akauliza, "Kwa hiyo si mimi niliyemtunza vibaya?" Daktari akamjibu, "Hapana, mama." Mama akakaa chini kwenye mzizi wa mwembe.

Dawa inaitwa vinkristini, sindano ya mshipa, mara moja kwa wiki. Inataka mkono uliotulia, maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Tulipewa glovu za kusafishia mkojo na tukaambiwa watoto wakae mbali naye siku chache. Wiki ya pili alitapika, akagoma hata dagaa. Mama akampikia uji mwepesi kwa supu ya mifupa, akamlisha kwa kijiko. Wiki ya nne kinyama kilikuwa kimenywea, hakionekani. Wakamchoma ya tano ili wawe na uhakika, na siku hiyohiyo akapata chanjo ya kichaa cha mbwa. Baadaye watamtoa kizazi.

Kila Jumamosi mama alifungua fundo la kanga akatoa 2,000 yake. Ya tano hakuwa nayo, unga ulikuwa umepanda. Alibeba maandazi kumi kwenye kibakuli chenye mfuniko, akasimama kwenye foleni kati ya watoto walioleta vitoto vya mbwa kwenye kiroba na mzee mwenye paka ndani ya kapu. Yule mstaafu alipokea kibakuli, akaandika daftarini: amelipa, maandazi 10. Mama aliniomba nimsomee mstari ule mara mbili.

Madaktari wa Jumamosi wanahitaji vitambaa safi vya kufutia na kuwalazia wanyama baada ya upasuaji. Mama ameshachana kanga zake mbili kuukuu, zimekunjwa juu ya kabati. Jumamosi hii nakuja kutoka Dodoma na ndoo mbili zenye mifuniko, maana bomba la pale mwembeni hukauka saa tano.