Kitunguu cha Majivuno

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Juma hili tubaki na Luka 18:9-14, Farisayo na mtoza ushuru wakisali hekaluni.

Tumezoea kumwita Farisayo huyu mnafiki, jambo ambalo Yesu mwenyewe hakulisema. Torati iliagiza mfungo mmoja kwa mwaka, ule wa Siku ya Upatanisho, naye anasema, "Mimi hufunga mara mbili kwa juma, hutoa zaka katika mapato yangu yote." Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba alidanganya. Alifunga kweli, na njaa aliyoisikia ilikuwa njaa kweli. Kwa hiyo kilichomwangusha, yaani majivuno, hakikuingia kupitia udhaifu wake; kiliingia kupitia fadhila zake.

Evagrio wa Ponto, mmonaki aliyefariki mwaka 399 huko Misri, alihesabu mawazo manane yanayomsumbua mtu wa sala, na kutokana na orodha hiyo ndipo baadaye ilipopatikana mizizi saba ya dhambi tunayofundishwa. Mengi kati ya mawazo hayo hudhoofika fadhila inapokua: mlafi akizoea kufunga, ulafi hupungua, na bahili akizoea kutoa, mkono hulegea. Majivuno hayafuati kanuni hiyo, kwa kuwa chakula chake ni fadhila zenyewe. Ukifunga, yanakusifu kwa kufunga. Ukiuficha mfungo wako, yanakusifu kwa kuuficha. Yohane Kasiano, aliyeishi miaka mingi miongoni mwa wamonaki wa Misri, aliyafananisha na kitunguu: unamenya ganda moja, unakuta jingine chini yake. (Ndugu zetu Waislamu huiita riya tabia hii ya kutenda mema ili watu waone, nao huiogopa sawasawa.)

Kasiano anasimulia habari ya mzee mmoja wa jangwani aliyekwenda kumtembelea ndugu katika chumba chake. Alipofika mlangoni alisikia sauti ndani, akadhani ndugu anasoma Maandiko, akasimama asikilize. Kumbe ndugu yule alikuwa peke yake akilihubiria kanisa lililojaa watu wa kufikirika, na alipomaliza mahubiri akageuka kuwa shemasi, akawaaga wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, watoke. Mzee akabisha hodi. Ndugu, kwa aibu, akauliza amefika tangu lini. Mzee akajibu kwa utani kwamba alifika wakati wakatekumeni wanaagwa tu.

Naipenda hadithi hii kwa sababu mzee hakumkemea, na pia kwa sababu namfahamu ndugu yule. Ni mimi, ndani ya daladala, nikitunga sala ya maombezi nitakayoiongoza katika jumuiya, nikichagua neno moja badala ya lingine kwa kuwa najua nani atasema "amina" kwa sauti zaidi. Wagonjwa ninaowaombea ni wagonjwa kweli, nami nawahurumia kweli, lakini katika huruma hiyo hiyo kuna mtu anayejisikiliza.

Je, niache kuongoza sala? Nilifikiri hivyo wakati fulani, hata nikajitoa kwenye zamu, na baada ya majuma mawili nikajikuta naufurahia unyenyekevu wangu wa kujitoa. Ganda jingine. Katika Mathayo 13 mwenye shamba anawazuia watumwa wasing'oe magugu, wasije wakang'oa na ngano pamoja nayo, na sasa nadhani naelewa sababu: mizizi imeshikana. Anayesubiri nia yake itakate ndipo atoe sadaka, hatatoa kamwe, na mwenye njaa atabaki na njaa yake.

Mtoza ushuru hakuwa na mfungo wa kutaja. Alijipiga-piga kifua na kusema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," na katika sala hiyo fupi hakumtazama jirani hata mara moja, ingawa Farisayo alikuwa amemtaja yeye.

Zamu yangu imerudi Jumamosi hii. Maneno nimeshaanza kuyatunga, na mengine, nakiri, ni mazuri sana.