Nilienda Kigoma kuona dagaa wanakotoka

Jamani nimerudi juzi tu kutoka Kigoma na akili bado iko kule ziwani. Dagaa wa Kigoma nimewala tangu mdogo ila wanavuliwaje sikuwahi kujua, basi likizo hii nikasema naenda kuona kwa macho yangu. Nikapanda treni Dar, reli ya kati ileile iliyofika Kigoma 1914, tukapita Dodoma, Tabora, Uvinza kule kwenye chumvi, karibu kilomita 1,250 hivi, mgongo unauma kweli lakini ukishuka stesheni ukayaona maji yale unasahau yote.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinafika karibu mita 1,470, duniani linazidiwa kina na Baikal tu. Asubuhi kukiwa kweupe unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Meli ya Liemba nayo ina historia yake, Wajerumani waliiunda 1913 wakaileta vipandevipande, 1916 wakaizamisha wenyewe adui zao wasiichukue, 1924 ikaibuliwa na 1927 ikarudi kazini.

Ujiji nilipita haraka, pale kwenye miembe walipokutana Livingstone na Stanley 1871. Kilichonishangaza ni kwamba ukitoka pale unatembea kabisa ndo ufike majini, kumbe enzi zile ziwa lilikuwa juu zaidi, baadaye maji yakajifungulia njia kwa mto Lukuga upande wa Kongo, likashuka.

Sasa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapo Kigoma. Nilifika jioni, na bahati nzuri zilikuwa siku za giza, maana dagaa wanavuliwa usiku usio na mwezi, mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu na wavuvi wanapumzika. Wanatumia vipe, yaani mitumbwi miwili imeunganishwa kwa miti na wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga na migebuka wanawafuata dagaa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola. Saa tatu usiku nimekaa ufukweni naangalia, jamani, ziwa zima taa, utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji, sikutaka hata kwenda kulala.

Alfajiri wanarudi, kelele, ndoo, kina mama wanagombania mzigo. Nikamsogelea mama mmoja anaanika, nikamwambia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akanionyesha. Dagaa wabichi wanang'aa kama vipande vya kioo, wadogo kama kidole, anawatandaza kwa kiganja mmoja mmoja wasipandane, maana wakipandana wanaoza katikati. Yeye anaanika kwenye chanja, mchangani hataki, anasema mchanga ndo ule unaousikia kwenye meno ukila. Jua likiwa kali jioni wameshakauka, mvua ikinyesha hasara yote yake.

Nikamuuliza kuhusu mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu bila kuvua ili samaki wazaliane. Akasema ilikuwa ngumu sana, watoto wanataka kula, ila samaki walikuwa wamepungua kweli na yeye alishaona mzigo unavyokuwa mdogo mwaka hadi mwaka. Mimi naona kufunga kulikuwa sahihi, lakini kwa mama kama huyu asiye na shamba ingetakiwa kuwe na kitu cha kumshika mkono miezi ile. Na tatizo sio nyavu peke yake, maji ya juu yanazidi kupata joto na hayachanganyiki vizuri na ya chini, kwahiyo rutuba iliyoko kilindini inapanda kidogo, na chakula cha dagaa kinapungua.

Mchana alinipa ugali na migebuka wa mawese, hela akakataa.

Jioni naondoka mwezi mchanga ulikuwa umeshatokeza juu ya milima ya Kongo. Vijana wakauangalia, wakasema bado siku chache tu vipe vivutwe nchi kavu waanze kushona nyavu.